Pointi za Kumpeleka Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenikuta nimeanika. Nguo zote za safari zimelowa upya, na kesho asubuhi naondoka. Nimezitundika mbele ya feni, chumba kizima kinanuka sabuni, nami nimekaa kitandani na hasira zangu.

Kampuni imepata kazi ya kufunga mashine mpya za eksirei kwenye hospitali za mbali, na itachukua msimu mzima. Barabara za huko mvua ikinyesha hazipitiki, kwa hiyo ni ndege kila wiki, kwenda na kurudi. Mafundi wenzangu, mmoja ana mtoto mchanga, mwingine akiona bawa la ndege anatapika. Nimebaki mimi, mwanamke nisiye na mume wa kuninunia. Bosi anataka ripoti ya kila siku, na nitamwandikia. Humu naandika yale asiyoyahitaji.

Nilimpigia Mama kumpa habari. Hakuuliza posho wala hatari. Aliuliza, "Hizo ndege zinatoa zile pointi?"

Mdogo wangu ndiye aliyemjaza hayo maneno, kwamba ukiruka sana shirika linakupa pointi za kununulia tiketi. Ni kinyozi, anaishi na Mama, na kila kinachosemwa kwenye kiti chake saluni kinafika nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

"Zinatoa, Mama."

"Basi zikusanye, mwanangu. Zinipeleke nikamwone dada yangu kabla hajanisahau."

Alisema kwa kucheka, nami nikacheka. Nikamwahidi kwamba mvua zikiisha atakuwa amepanda ndege.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika salama. Nguo bado mbichi.

Nieleze hili la dada yake. Mama mkubwa anaishi ng'ambo kwa binti yake, na yeye na Mama hawajaonana tangu mimi nikiwa shuleni. Mwaka jana alianza kusahau. Kwanza ilikuwa miwani na funguo, halafu njia ya kurudi kutoka dukani. Daktari amesema ataendelea hivyohivyo, ila hawezi kusema kwa kasi gani. Kila Jumapili wanazungumza kwa simu. Mama mkubwa anauliza jambo moja mara nne, Mama anamjibu mara nne, lakini mpaka sasa anamjua. Bado anamwita Kijiti, jina la utotoni, kwa sababu Mama alikuwa mwembamba mno.

"Siku asiponiita Kijiti," Mama aliniambia, "hapo ndipo nitajua ameondoka."

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimechagua klabu.

Nilikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, foleni imefika mpaka nje ya mlango, viatu vimejaa maji. Nyuma yangu akaja Waziri. Si waziri wa chochote, ni muuzaji wa kampuni yetu, yeye anauza hizo mashine na mimi nazifunga. Jina tumempa kwa sababu ya begi lake la ngozi na namna anavyoingia mahali akitazama nani hajasimama.

"Fundi, umeandikisha wapi safari zako?"

"Bado. Nataka pointi za kumpeleka Mama ng'ambo."

Akanieleza, na nakiri alieleza vizuri. Shirika tunalopanda ni dogo, lina klabu yake ya wasafiri. Lakini lina ushirika na shirika kubwa la nje, nalo lina klabu yake. Safari ya ndege hizi hizi unaweza kuiandikisha huku au kule, unachagua mwenyewe. Huwezi kote kuwili, na ukishaandikisha huwezi kuihamisha.

"Klabu ya hapa inatoa pointi vizuri, hata kwa tiketi zetu za bei poa," alisema. "Ukijitahidi, mwisho wa msimu una tiketi ya mtu mmoja, hata ya kwenda mbali, kwa sababu wale wakubwa wanapokea pointi za hapa. Lakini kadi yenyewe ni ya kuwekea alama kitabu. Hakuna anayekuheshimu nayo."

"Na hiyo kubwa?"

Alitoa kadi ya dhahabu mfukoni, akaniashiria, tukatoka kwenye foleni. Tukapita kwenye kamba nyekundu, dakika hiyohiyo tukawa mbele ya kaunta. Dada wa kaunta alimwita kwa jina na kumuuliza habari za safari iliyopita. Nyuma yetu watu wote wale walikuwa wakitutazama.

"Ukisafiri mara nyingi wanakupa hii," Waziri alisema. "Na ukishaipata, pointi zako zinakuja mara mbili. Dhahabu kwanza, Fundi. Tiketi ya mama itafuata yenyewe."

Ilinikaa kichwani vizuri kabisa. Nipate dhahabu kwanza, halafu pointi mara mbili, halafu Mama asafiri mapema zaidi. Nikajiandikisha klabu kubwa palepale, nimesimama, viatu vikitoa maji. Kulikuwa na ukurasa mrefu wa masharti. Nilibonyeza chini kwamba nimesoma.

Jumatano, 13 Machi

Mashine ya kwanza imewaka. Daktari wa pale amepiga picha ya mkono wake mwenyewe na kuitazama kwa furaha kama mtoto. Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Waziri amenichukua kama mgeni wake kwenye launji, ule ukumbi wa kusubiria wa wenye kadi. Sofa za kitambaa, taulo za moto, magazeti ya leo, na ukimya. Mtu anakuja kukuuliza kama unahitaji chochote, na anasubiri jibu. Nimefanya kazi miaka kumi na tatu, napanda ngazi za hospitali nimebeba vyuma, na wauguzi wananiuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Leo mtu amenivutia kiti.

Sitajificha humu. Nilipenda, na nilipenda sana.

Jumanne, 19 Machi

Umeme umekatika hospitalini mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai.

Jumatano, 27 Machi

Mama amepiga. Jumapili dada yake alimwita Kijiti, lakini alimuuliza kama baba yao amerudi kazini. Babu alifariki hata mimi sijazaliwa.

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema bado, yuko njiani. Ningemuua baba mara ya pili kwa faida gani?" Halafu, kwa sauti ya kupita tu: "Pointi zimefika wapi?"

Nikamwambia zinaenda vizuri. Kwenye simu yangu kuna duara ya dhahabu inayojaa kila nikisafiri, na imeshapita robo. Nikamwambia, "Mama, imepita robo." Alifurahi. Sikumweleza kwamba duara ile ni ya kadi. Hata mimi sikuwa nimefikiria kwamba kuna tofauti ya maana.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua kutwa. Ndege imechelewa, nimelala kwenye viti vya chuma begi likiwa mto. Wenye kadi walipewa hoteli.

Jumapili, 14 Aprili

Nimeshinda kwa Mama. Pasi yake imetoka, na viza imetoka pia. Mdogo wangu ndiye aliyehangaika nayo, amefunga saluni siku tatu. Viza mwisho wake ni Juni.

Mama ameitoa pasi kwenye mfuko wa nailoni, akanionyesha picha yake. "Nimetoka na macho ya mwizi," alisema, akairudisha, akaufunga mfuko mara mbili.

Wakati wa chai mdogo wangu akaanza chokochoko. "Dada, hebu tuone hizo pointi. Tujue Mama atakaa kwenye bawa au ndani."

Nikafungua simu kwa maringo. Duara imepita nusu. Yeye, kwa kuwa ana macho ya kinyozi, akaona maandishi madogo chini yake. "Na hii namba hapa ni ya nini? Mbona ndogo hivi?"

Nikaisoma mara mbili. Klabu ile ina hesabu mbili. Moja ni ya safari, ndiyo inayojaza duara na kukupa kadi. Nyingine ni ya pointi zenyewe, ndizo zinazonunua tiketi. Na tiketi za bei poa, kama zote anazotukatia bosi, zinapata robo tu ya pointi. Pointi zangu za msimu mzima hazimfikishi Mama hata nusu ya njia. Labda zimdondoshe baharini.

"Ni hesabu ya zamani," nilisema. "Itabadilika nikipata dhahabu."

"Haya," mdogo wangu akasema. Hakunitania tena, na hilo ndilo lililoniudhi.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimefikiria kuhama. Kuanzia wiki hii niandikishe safari zote klabu ya hapa. Nimemuuliza Waziri, akashika kichwa.

"Umebakiza kidogo upate dhahabu, uache sasa? Fundi, hizo zote ulizosafiri zitakuwa zimekwenda na maji. Halafu ukiwa dhahabu si zinakuja mara mbili?"

Mara mbili ya robo ni nusu, hata mimi najua. Klabu ya hapa nusu hiyo ingekuwa nzima, tena tangu siku ya kwanza. Nilijua hayo nikiwa nimesimama pale na tiketi mkononi. Dada wa kaunta akauliza, "Niweke namba ipi?"

Nikampa namba ya klabu kubwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Sina la kuandika. Mvua imeingia chini ya mlango.

Ijumaa, 3 Mei

Mama mkubwa ameanza kutoiamini simu. Jumapili iliyopita alimwambia binti yake, "Huyu si Kijiti, Kijiti ana sauti nyembamba. Hawa ni matapeli." Mama alimwimbia wimbo wao wa kuruka kamba, ndipo akakubali, akamwita Kijiti na kumgombeza kwa kukaa kimya siku nyingi.

Binti yake anashauri waonane kwa simu ya video. Anasema uso bado unamwingia kuliko sauti. Simu ya Mama ni ya vitufe, na ya mdogo wangu imetumbukia kwenye ndoo ya saluni wiki hii, anatumia ya kuazima ya vitufe vilevile. Nimemnunulia Mama simu mpya, nimeisajili kwa namba yangu kwa sababu laini yake mpya ilikuwa haijakamilika usajili, nimempelekea kwa dereva wa ofisi. Nimeahidi Jumamosi ya tarehe kumi na moja nitakwenda mwenyewe kumwekea kila kitu.

Alhamisi, 9 Mei

Mwaka wa klabu unafungwa tarehe kumi na tano. Nimebakiza safari moja, kwenda na kurudi. Kazi ya wiki hii imefutwa kwa sababu paa la hospitali limevuja juu ya chumba cha mashine. Tarehe kumi na tano ikipita, duara inarudi sifuri.

Waziri ananiambia ni jambo dogo. Wenye kadi wote wanafanya. Unakata tiketi yako mwenyewe, unaruka asubuhi, unafika, unakaa uwanjani, unageuka na ndege ileile. Hutoki hata nje. "Mimi kuna miji nimefika mara tano na sijawahi kuiona," alisema, tena kwa fahari.

Tiketi pekee iliyobaki ya kwenda na kurudi siku moja ni ya Jumamosi.

Nimempigia Mama kwamba simu tutaiweka Jumapili, kazi imenibana. Amesema, "Kazi kwanza, mwanangu."

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa nimerudi. Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Niliruka asubuhi. Ndege ilikuwa tupu nusu, na aliyekaa dirishani kando yangu alikuwa akienda kumzika mtu. Akaniuliza mimi naenda kwa nani. Nikasema kazini. Tulipofika, abiria walitoka wakapokewa, na mimi nikazunguka kwenye mlango wa kuondokea, nikakaa. Mvua ilikuwa inapiga vioo. Mfagiaji alipitisha ufagio chini ya miguu yangu mara mbili na mara ya pili akaniuliza kama nimepotea.

Simu ikaita. Mama, kwa ile simu yake ya vitufe.

"Mwanangu, uko wapi? Dada leo yuko mzima! Binti yake amepiga, anasema ameamka akiwa yeye mwenyewe kabisa, ameniulizia kabla ya chai. Anataka kuniona uso. Wamemvalisha, wamemfunga kilemba, amekaa mbele ya simu ananisubiri. Kwenye hii simu mpya nibonyeze wapi?"

Nikamwambia abonyeze kijani. Ikakataa. Ikamtaka aweke namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe, na ujumbe, kwa kuwa niliisajili simu kwa laini yangu, ulikuwa unakuja kwangu. Haukuwa umefika. Mtandao wa uwanja ule ulikuwa unakuja na kuondoka na mvua.

"Subiri, Mama, subiri kidogo."

"Nasubiri. Yeye ndiye anayesubiri."

Hapo hapo spika ya uwanja ikatangaza ndege yetu, kwa nguvu, mji kwa jina, abiria wa kurudi wapande. Mama akaisikia. "Si ulisema uko kazini?"

"Nipo kazini, Mama."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Angenielewa, siku zote ananielewa. Nilisema hivyo kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa wa aibu kuutamka kwa sauti, kwamba nimepanda ndege kuja kukaa kwenye kiti hiki na kurudi.

Nilisimama mlangoni mpaka nikawa wa mwisho, simu juu, natafuta mtandao. Mhudumu akaniambia, "Dada, unapanda au unabaki?" Ningeweza kubaki. Kungekuwa na ndege nyingine kesho. Lakini ningebaki, tiketi ingekufa na safari isingehesabiwa.

Nikapanda. Wakanizimisha simu.

Namba ya siri iliingia tulipotua, nilipowasha simu, na ilikuwa imeshapitwa na muda. Nikampigia mdogo wangu. Kumbe Mama alimpigia saluni, naye akamwacha mteja kichwa nusu kimenyolewa, akakimbia kwenye mvua mpaka nyumbani. Akahangaika na simu, ikamkatalia. Akaenda kuazima ya jirani, jirani hayupo. Akaenda ya pili, akaipata, akarudi nayo mbio. Binti wa Mama mkubwa alipokea. Alikuwa analia.

Alisema mama yake alisubiri muda mrefu ametulia, anajirekebisha kilemba. Halafu akauliza, "Tunamsubiri nani?" Wakamwambia Kijiti. Akasema vizuri. Baadaye akauliza tena, na tena, na mwisho akasema amechoka kukaa, akalala. Alipoamka haikuwa siku ileile kichwani mwake.

"Mama yuko wapi?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Yupo. Amevaa gauni lake zuri, amekaa palepale."

"Nipe nizungumze naye."

"Dada," alisema, na hakukuwa na utani wowote kwenye sauti yake, "kesho."

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda. Nimeiweka simu. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nilimwambia Mama ukweli wote, jana nilikuwa wapi na nilikuwa nafuata nini. Alinisikiliza akikunja nguo. Akauliza, "Na ulipofika huko, ulimwona nani?"

"Sikumwona mtu, Mama."

Akaendelea kukunja. Natamani angenipigia kelele.

Jumanne, 14 Mei

Barua pepe imeingia nikiwa juu ya ngazi kwenye karakana ya ofisi, bisibisi mdomoni. Hongera, umekuwa mwanachama wa dhahabu. Waziri amenipigia makofi ofisini, amewaita watu. Nimetabasamu, meno yote nje, na nikaenda chooni nikalia.

Jumapili, 19 Mei

Simu ya video imefanya kazi. Nilikuwepo, nimeishika mwenyewe. Mama mkubwa alimtazama Mama usoni kwa utulivu, akamsalimia kwa heshima, akamuuliza habari za watoto. Mama akaimba wimbo wa kamba. Mama mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Unaimba vizuri, mama."

Hakusema Kijiti. Mama alipokata simu hakuniangalia. Alisema tu, "Bado nataka kwenda."

Jumatatu, 20 Mei

Nimeingia kwa bosi kuomba mkopo wa mshahara, nikiwa nimejiandaa na hotuba nzima. Nilipofika kwenye "mama yangu na dada yake" alikuwa ameshatafuta kalamu. Ametia sahihi akiwa amesimama.

"Mbona hukusema tangu Machi?" aliuliza.

Nimelitafakari swali hilo kutwa. Tangu Machi mlango ule ulikuwa wazi. Mimi nilitaka Mama aende kwa pointi, niwe na hadithi ya kusimulia, mtoto mjanja aliyempeleka mama yake ng'ambo bila kutoa chochote. Na wakati nautafuta huo ujanja, nilitaka pia kuitwa kwa jina kwenye kaunta. Naona ningetaka hilo la pili hata kama Mama asingekuwepo. Ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa, 24 Mei

Tiketi imekatwa. Kadi ya dhahabu imefika kwa posta, ndani ya boksi lenye kitambaa. Ni nzito kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua imepungua, manyunyu tu. Tumemsindikiza Mama.

Mdogo wangu amebeba mabegi, Mama amebeba mfuko wa nailoni wenye pasi na hakutaka kumpa mtu. Ndani ya begi lake kuna kamba. Nilidhani ameifungia kitu, kumbe ni kamba yenyewe, ya kuruka. "Nikimwonyesha, labda," alisema.

Foleni ilikuwa ndefu. Nikaona walau hapa nitafaa kitu. Nikampeleka Mama kwenye kamba nyekundu, nikatoa kadi.

"Karibu sana," dada wa kaunta akaniambia, akanitaja kwa jina. "Unasafiri leo?"

"Mimi hapana. Ni mama yangu. Naomba apite hapa, na asubirie launji. Ana safari ndefu na magoti yanamsumbua."

Akatazama kompyuta, akanitazama, na nilimwona akitafuta maneno laini. Kadi ni ya mwenye kadi. Mgeni anaingia na mwenyewe, na mwenyewe lazima awe na tiketi ya siku hiyo. "Samahani sana, mwanachama wetu."

Nikaanza kubishana. Nilipandisha sauti, watu wakageuka. Mama akanishika kiwiko.

"Acha, mwanangu. Mimi sijachoka."

Tukarudi nyuma ya foleni. Tulipofika mbele, dada mwingine akamuuliza, "Mama ana namba ya uanachama? Tumwandikie pointi."

Mama akanionyesha kwa kidole. "Namba zote anazo huyu."

Alicheka alipolisema hilo, hakuwa na kijembe. Akatuaga, akatubariki, akapita kwenye mlango wa ukaguzi akiwa ameukumbatia mfuko wake. Nilimwona kwa mbali akikaa kwenye viti vya chuma, vilevile nilivyolalia mimi Aprili, akanyoosha goti lake kwa mikono miwili. Mdogo wangu akasema twende. Nikasema bado.

Jumatatu, 3 Juni

Leo hakuna mvua kabisa. Nimeanika nguo asubuhi na mchana zilikuwa kavu.

Mama amepiga. Amefika jana jioni, amelala, na leo amekaa na dada yake siku nzima. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesimulia habari za jirani.

"Amenipokea vizuri sana," alisema. "Amenipisha kiti chake. Ameniuliza kama nimetoka mbali, nikamwambia mbali kweli."

"Hakukujua, Mama?"

"Hapana. Lakini kamba ameijua. Ameishika, amecheka sana. Akaniambia, 'Hii ni ya mdogo wangu, anaitwa Kijiti.' Ndivyo alivyosema, jina lenyewe. Kwamba Kijiti anakuja kwa ndege, siku yoyote, ndiyo maana yeye hatoki nyumbani, asije akafika akakosa mtu."

Nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu tarehe kumi na moja Mei, na yote yalikuwepo.

"Ukamwambia nini?" ndilo lililotoka.

"Ningemwambia nini, mwanangu? Nikasogeza kiti karibu. Nikamwambia basi tumsubiri wote."